Mabishano ya menyu na slaida yanarudi kila mwezi, na fomu zetu bado zinakataa namba za simu

Dizaina_Tudor (mwanzisha uzi)

Wadau, asalaam aleikum. Haya nimeyakalia muda mrefu, lakini baada ya mabishano ya juzi kwenye grupu naona heri niyaseme hadharani, tena kwa urefu, ili atakayenipinga awe na mahali pa kushika.

Sisi tunaounda tovuti hapa Mombasa tuna mabishano yasiyokwisha, na ukiyachunguza ni yaleyale. Menyu ifichwe nyuma ya alama ya mistari mitatu au ionekane yote? Slaida ya picha zinazojibadilisha juu ya ukurasa wa kwanza, iwepo au itolewe? Kiungo kikibofywa, kifungue tabo mpya au palepale? Orodha ya bidhaa iwe na kurasa 1, 2, 3, au iteremke bila mwisho? Sura ya ukurasa, tuipange kwa Tailwind, ile seti ya mitindo iliyotengenezwa tayari, au kwa CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa, ya kuandika mwenyewe? Likiisha hili laja lile, na likiisha lile twarudi kwa la kwanza kana kwamba halijawahi kuguswa. Wasemaji ni walewale, hata unajua nani atasema nini kabla hajaandika. Na kila mara kuna kijana aliyetoka chuo majuzi, ameuliza swali la kazi aliyonayo mkononi, naye anaondoka bila jibu huku wakubwa wakirushiana maneno juu ya kichwa chake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sisemi tusibishane. Baraza lisilo na ubishi kwetu halina wakaaji. Kasoro ya ubishi huu ni kwamba twaichukua mbinu peke yake, hatusemi ukurasa gani, mtumiaji nani, wala amekuja kufanya nini. Ukiuliza "je, menyu iliyofichwa ni mbaya?", umeuliza swali ambalo halina jibu hata tukikesha. Ukiuliza "mgeni anayetaka bei ya chumba kwenye tovuti ya gesti ya Bamburi, kwa simu ndogo, ataiona bei?", hilo lina jibu, na utalipata kabla ya adhuhuri kwa kumkabidhi mtu simu na kufunga mdomo wako.

Tuichukue hiyo menyu ya mistari mitatu. Alama yenyewe ilichorwa na Norm Cox kwa kompyuta ya Xerox Star mwaka 1981, wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 2013 Facebook waliiacha kwenye programu yao ya iPhone wakaweka vitufe chini ya skrini. Mwaka 2016 Nielsen Norman Group, kampuni ya utafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, wakapima: kwenye simu, menyu iliyofichwa yote watu waliitumia katika 57% ya kazi walizopewa, lakini pale viungo vichache vilipoachwa wazi na vingine vikafichwa, matumizi yalifika 86%. Hizo ni habari za kufanyia kazi. Zatwambia kama kuna vitu vinne watu wanavitafuta kila siku, viache wazi, yaliyobaki ndiyo uyafiche. Hazisemi alama hiyo ni haramu. Wala hazisemi tovuti ya chuo yenye viungo arubaini ivimwage vyote kwenye kioo cha inchi sita. Lakini kwenye mabishano yetu mmoja atazitaja ili kuonyesha kwamba kazi ya mwenzake ni takataka, mwenzake atajibu "mbona kampuni kubwa fulani inaitumia", na faida ya ule utafiti imeishia hapo.

Nitoe jambo nililoliona kwa macho. Kulikuwa na tovuti ya gesti moja, na kikao cha kuikagua kilikula asubuhi nzima kwa menyu tu. Mistari mitatu au neno "Menyu"? Kulia au kushoto? Sauti zilipanda. Mchana wake nikaipeleka simu kwa mama mmoja mwenye duka la leso Biashara Street, ambaye kweli alikuwa akitafuta vyumba vya wageni wake wa harusi. Nikamwambia, "Mama, hebu tafuta chumba humu kama vile mimi sipo."

Mistari mitatu aliigusa bila kufikiri, akaingia kwenye vyumba, bei akaiona. Asubuhi yetu yote ilipita pale kwa sekunde chache. Akafika kwenye fomu. Tulikuwa kibarazani, jua la saa saba, naye akawa anakikinga kioo kwa kiganja kwa sababu maandishi ndani ya visanduku yalikuwa ya kijivu hafifu mno. Akagusa cha kwanza, yale maandishi yakapotea. Akafuta alichoandika ili aone tena aliulizwa nini. Akafika kwa namba ya simu: ikamjia kibodi ya herufi, akatafuta mwenyewe pa kubadili iwe tarakimu. Akaandika namba yake, ya zile zinazoanza na 01, akaacha nafasi katikati kama tunavyozisoma sote. Yakatokea maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba alichoingiza si sahihi. Akaandika upya, yakatokea tena. Akanirudishia simu, akasema, "Mwanangu, nipe namba yao niwapigie nizungumze na mtu."

Fomu ile ilizijua namba za 07 peke yake. Mtu aliiandika zamani, na hakuna aliyeigusa tena. Hakuna kikao hata kimoja kilichowahi kupandisha sauti juu ya kisanduku cha namba ya simu.

Na haya si ya gesti moja. WebAIM, shirika linalopima kama tovuti zinatumika na watu wote hata wenye ulemavu, hukagua kurasa za mwanzo za tovuti 1,000,000 kila mwaka tangu 2019, na kila mwaka kosa linaloongoza ni maandishi hafifu yasiyotofautiana vya kutosha na rangi ya nyuma yake. Katika ripoti ya 2025 lilikutwa kwenye 79% ya kurasa. Sehemu za fomu zisizo na lebo, yaani jina la kinachoulizwa, zilikutwa kwenye karibu nusu. Sasa kijivu cha #999 juu ya nyeupe, ambacho nakiona kwenye kazi zetu kila uchao, kina uwiano wa mwangaza wa 2.85 kwa 1, na kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5 kwa 1. Ukikikoleza hadi #767676 umeshafika. Ni mstari mmoja wa CSS! Lebo ni mstari mwingine. Kibodi ya tarakimu ni kuandika type="tel" na basi. Kukubali nafasi katikati ya namba, na +254 na 07 na 01, ni kazi ya robo saa.

Mambo haya hayana mashabiki. Hakuna anayejiita mfuasi wa lebo. Na nadhani ndiyo maana hayajadiliwi: hayana upande wa kushinda wala wa kushindwa, kwa hivyo hayampandishi mtu cheo mbele ya wenzake.

Ombi langu ni hili. Anayeleta hoja ya mbinu alete na kiungo cha ukurasa wenyewe. Aseme nani anautumia, kwa simu gani, akitafuta nini. Aseme aliona nini alipomtazama mtu akiutumia. Kama bado hajatazama, aseme tu kwamba ni hisia yake, hakuna ubaya, hisia ya aliyekaa kwenye kazi miaka mingi ina uzito wake. Bila hayo, tuache swali lipite.

---

Kijana_Likoni

Ami, shukran kwa uzi. Mimi ni mmoja wa hao vijana walioondoka bila jibu, na sikuona vibaya, nilidhani ndivyo mambo yalivyo.

Lakini nina swali. Upande wa slaida, mimi sina tatizo na kuitoa. Mteja ndiye anayeitaka. Ana meneja wa vyumba, wa mkahawa, wa ziara za baharini, na kila mmoja anataka picha yake ikae juu kabisa. Nikisema slaida haifanyi kazi naonekana nimekuja kufundisha watu biashara yao. Nifanyeje?

---

Dizaina_Tudor

Swali zuri, mwanangu, na umelitia kidole penyewe. Ubishi wa slaida kwetu huwa ni ugomvi wa ofisi ya mteja uliohamia kwenye kioo. Mameneja hawakukubaliana nani atangulie, slaida ikawa suluhu yao.

Mwaka 2013 Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani alitoa takwimu za slaida ya tovuti ya chuo chao. Wageni waliobofya chochote ndani yake walikuwa kama 1%, na katika mibofyo hiyo 84% ilikwenda kwa picha ya kwanza. Yaani picha ya tatu na ya nne zilikuwa zinajizungusha karibu bila mtu.

Lakini usimpelekee mteja takwimu hizo kama rungu. Chuo cha Marekani si hoteli ya Shanzu, naye atakwambia hivyo, na atakuwa na haki. Weka hesabu ya mibofyo kwenye slaida yake mwenyewe kwa wiki kadhaa, kisha mkae mtazame pamoja. Akiona kwa macho yake kwamba picha ya ziara za baharini haiguswi, yule meneja wa ziara mwenyewe ndiye atakayeomba ihamishwe ipate sehemu yake chini, isimame peke yake na kitufe chake. Na ukikuta slaida yake inabofywa kweli, iache, umejifunza kitu kuhusu wateja wake.

Huku ukingoja, angalau isijizungushe yenyewe. Mtu anayesoma polepole hunyang'anywa sentensi katikati. Na punguza uzito wa hizo picha. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa 2009, tunazo mlangoni, lakini mteja wa mteja wako yuko ndani ya matatu na bando la siku moja. Picha nne za megabaiti moja moja ambazo hatozifikia analipia yeye.

---

Bi_Kodi

Kaka, nakuheshimu na mengi uliyosema nakubali, ila kwa Tailwind nakupinga. Umeliweka kapu moja na slaida, na si haki.

Mimi kazi yangu ni kurithi tovuti za watu. Mteja amegombana na fundi wake, ananiletea mimi. Nikifungua nakuta faili la CSS la mistari elfu kadhaa, nikigusa rangi ya kitufe kwenye ukurasa wa mawasiliano, kichwa cha ukurasa wa mwanzo kinaruka. Kwa hivyo kwangu swali la namna ya kuandika CSS ni swali la kazi. Najua mama wa Biashara Street hatalijua hata siku moja. Lakini nikichukua siku tatu kubadilisha kisanduku cha namba ya simu, na yeye atangoja siku tatu. Mabishano haya ni ya mafundi, waachiwe mafundi wabishane.

---

Dizaina_Tudor

Dada, hapo umenipata, na umeniongezea kitu. Nikubali kwamba mtumiaji wa tovuti si mmoja. Yupo anayebofya na yupo atakayekuja kuifungua kwa ndani, naye ana haki zake.

Lakini tazama ulivyoandika. Umesema kazi yako ni nini, umefungua nini, umegusa nini, kimeruka nini. Hapo tuna la kuzungumza: je, kwa tovuti ndogo zinazohama mikono mara kwa mara, madarasa ya Tailwind, yale majina ya mitindo yanayoandikwa ndani ya HTML, yaani msimbo wa ukurasa wenyewe, yanampunguzia mrithi hofu ya kuvunja ukurasa mwingine? Nadhani yanampunguzia, ndiyo. Na kwa timu moja iliyokaa pamoja miaka na ina mpangilio wake, je? Pengine hawana haja nayo. Adam Wathan aliitoa Tailwind 2017, na tangu hapo nimesoma mabishano chungu nzima ambamo hakuna aliyesema ana tovuti ya aina gani wala ni nani atakayeirithi. Hayo ndiyo nayakataa. Lako silikatai.

---

Mkongwe_Majengo

Vijana wangu, niingie kidogo, kwa kuwa nimeyaona mengine makubwa kuliko haya.

Zamani tulipanga kurasa kwa jedwali za HTML. Kila kitu jedwali, na jedwali ndani ya jedwali. CSS ya kwanza W3C, chombo kinachoweka viwango vya wavuti, waliipitisha Desemba 1996, lakini vivinjari vilikuwa kila kimoja na lake, kwa hivyo wengine wakasema CSS, wengine wakasema jedwali, na watu wakanuniana. Dave Shea alipotoa CSS Zen Garden mwaka 2003, HTML ileile moja ikivaa sura tofauti kabisa kwa kubadili CSS tu, wengi waligeuka. Lakini si kwa sababu ya hoja. Waliona kitu kinafanya kazi mbele yao. Hata hivyo safu tatu zenye kimo sawa bado zilitutoa jasho, mpaka vivinjari vikubwa vilipoleta Grid, njia ya CSS ya kupanga safu na mistari, Machi 2017. Siku hizi nani analibishania jedwali?

Flash nayo, ile programu ya Adobe ya kuweka vikaragosi na video kwenye kurasa, hivyohivyo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliipinga mwaka 2000 kwa maneno makali, watu wakamtukana. Steve Jobs wa Apple akaandika barua yake ya kuikosoa Aprili 2010, watu wakamtukana na yeye. Kilichoiua ni simu: iPhone haikuifungua kabisa, na watu walikuwa wanahamia kwenye simu. Adobe wakaifunga rasmi 31 Desemba 2020.

Katika miaka yangu sijaona ubishi wa mbinu uliomalizwa kwa mtu kushinda. Kifaa kilibadilika, kivinjari kikabadilika, au mtu akaja na kitu kinachoonekana. Kwa hivyo Dizaina naunga mkono, leteni vitu tuvione. Lakini usiwakataze watu kubishana hata wakibishana ovyo. Mimi CSS niliijua kwa kusikiliza watu wakigombana. Mgeni akikaa kimya pembeni anaokota mengi.

---

Dizaina_Tudor

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru kwa historia hii, sikuwa nimeipanga kichwani hivyo.

Hilo la mgeni kuokota pembeni nalikubali kwa wakati wenu, maana mlikuwa mkigombania kitu ambacho hakuna aliyekijua bado. Wa leo anaokota nini kwenye ubishi wa tabo mpya? Nielsen alilalamikia kufungua madirisha mapya mwaka 1999. Hoja za pande zote zimeshaandikwa, jibu la kawaida linajulikana: fungua palepale, isipokuwa pale mtu atakapopoteza alichokuwa akijaza, na hapo mwambie mapema. Mgeni akiuliza apewe hilo kwa mistari miwili, kisha aulizwe, "ukurasa wako ni upi?" Anachookota sasa ni ukali. Anajifunza kwamba dizaina mzuri ni yule mwenye msimamo mkali, na huo msimamo anaupeleka kwa mteja.

---

Mdau_Kisauni

Hali ya giza, ile ya ukurasa wenye rangi nyeusi nyuma, umeiruka.

---

Dizaina_Tudor

Fuata mpangilio wa simu ya mtu kwa prefers-color-scheme, amri ya CSS ya kujua kama amechagua giza au mwanga, na upime uwiano wa rangi pande zote mbili. Sina la ziada.

---

Kijana_Likoni

Ami, basi mimi nitangulie kama ulivyoomba. Kiungo nimekituma kwa ujumbe kwa kuwa mteja hajaniruhusu kuweka hadharani. Ni duka la vipuri vya tuktuk na bodaboda, liko Kongowea. Bidhaa ni kama mia tatu. Wanunuzi ni mafundi wa gereji na madereva, wote kwa simu, wengi simu za bei nafuu. Nimeweka orodha inayoteremka bila mwisho, mwenzangu anasema niweke kurasa 1, 2, 3. Nilimtazama fundi mmoja akitafuta kebo ya klachi. Aliteremka, akateremka, akagusa bidhaa akaona siyo, akarudi nyuma, na orodha ikaanza tena kutoka juu. Akaguna. Ila hakuacha, aliipata mwishowe.

---

Dizaina_Tudor

Hii ndiyo niliyokuwa nikiitaka. Nimeifungua kwenye simu yangu na kwenye simu ya zamani ya nyumbani.

La kwanza, ulichokiona wewe: akirudi nyuma anapoteza mahali. Hilo ndilo tatizo lake, na hata ukiweka kurasa 1, 2, 3 utalikuta tena kama kurudi kunamrejesha kwenye ukurasa wa 1. Kwa hivyo kabla ya kuchagua mbinu, hakikisha anwani ya ukurasa inakumbuka alipofika.

La pili hukulisema, labda kwa sababu unaijua tovuti sana. Namba ya duka na ramani umeviweka chini kabisa ya ukurasa. Kila nikikaribia chini, bidhaa nyingine zinapakiwa, namba inasukumwa. Sikuifikia. Fundi mwenye tuktuk imesimama barabarani hataki kutazama bidhaa mia tatu, anataka kuuliza "ipo?" Hiyo namba ipandishe juu, na iwe kiungo cha kupiga moja kwa moja, chenye kimo cha kidole. WCAG 2.2 ya 2023 inataka pikseli 24 kwa 24 kwa uchache. Kwa mtu mwenye mafuta mikononi mimi ningekwenda 48.

La tatu, fundi wako hakuja kutembea dukani. Alijua anachokitaka kwa jina. Kisanduku cha kutafuta unacho, lakini umekificha ndani ya menyu. Kitoe nje, kikae juu, na kikubali majina wanayoyatumia wao gereji. Nimeandika "klachi" hakikuleta kitu, nimeandika "clutch" kikaleta sita. Kaa na mwenye duka, akutajie kila kipuri kinaitwaje na wateja wake, uyaingize yote.

Ukishafanya hayo, orodha yenyewe iwekee kitufe cha "Onyesha zaidi", bidhaa ishirini ishirini. Haijipakii yenyewe, kwa hivyo haimli bando, na chini ya ukurasa kunafikika. Lakini hilo la kitufe ni hisia yangu, sijaliona kwa mafundi wako. Rudi gereji na simu ileile, mpe mwingine atafute kebo hiyohiyo, kisha mmoja atafute kitu asichokijua jina, ajue sura tu, maana huyo kisanduku cha kutafuta hakimsaidii. Andika hapa walikwama wapi. Bi Kodi, kama una nafasi mtazamie hiyo anwani inayokumbuka mahali, wewe unaijua vizuri kuliko mimi.

---

Bi_Kodi

Nitumie msimbo wa tovuti leo usiku, Likoni. Kesho asubuhi nitakuwa nimeshaipitia.